Nina mimba na ninahamia ghorofani: je, nimwache paka wangu?

Swali kutoka kwa msomaji wa Dar es Salaam: "Shikamoo daktari. Nina mimba ya miezi mitatu, na mwezi ujao tunahama kutoka nyumba ya uani huku Tandika kwenda ghorofa ya tatu, Upanga. Nina paka jike wa mwaka mmoja na nusu ambaye amekwishazaa mara moja, na watoto wote tumewagawa. Mama mkwe anasema paka huharibu mimba, na ameshauri apelekwe Feri, kwenye soko la samaki, ambako hatakosa chakula. Mume wangu hana neno nikibaki naye, ila anataka apewe vidonge vya uzazi wa mpango ili asizae tena. Nampenda paka wangu, lakini ninaogopa. Nifanye nini?"

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa ujauzito. Jibu fupi ni kwamba paka huyo usimwache: hama naye, mfanye paka wa ndani kuanzia siku mtakayoingia ghorofani, na kabla ya kuhama mpeleke kwa daktari wa wanyama atolewe kizazi na achanjwe. Vidonge usimpe hata kimoja. Paka unayemjua, anayelala ndani na kula chakula kilichopikwa, ni hatari ndogo sana kwa mimba yako. Hatari iliyo kubwa zaidi imo katika nyama, mboga na udongo, nayo haitaondoka hata paka akiondoka. Sababu zake ni nyingi kidogo, kwa hiyo nitaanza na ile inayokukosesha usingizi.

Hofu ya mama mkwe wako haikutoka hewani, na ningekuomba usiibeze. Kuna kimelea kiitwacho Toxoplasma gondii, ambacho kilitambuliwa mwaka 1908 katika maabara mjini Tunis, ndani ya mnyama mdogo mwenye umbo la panya aitwaye gundi. Ilipita takriban miaka sitini kabla ya watafiti kubaini kwamba ni ndani ya utumbo wa paka na wanyama wa jamii yake tu ambamo kimelea hiki hukamilisha uzazi wake na kutoa mayai yanayoshuka na kinyesi. Mwanamke akiambukizwa kwa mara ya kwanza katika maisha yake wakati ana mimba, kimelea kinaweza kupenya kwenye kondo na kumfikia mtoto, na mimba inaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa na madhara ya macho au ya ubongo. Ambaye aliambukizwa miaka ya nyuma, kabla ya kushika mimba, kwa kawaida mwili wake umekwisha kujijengea kinga na mtoto wake yuko salama. Kipimo cha damu kinachotafuta kingamwili za kimelea hiki kipo. Mwulize daktari wa kliniki yako ya wajawazito kama unakihitaji, kwa sababu kitakueleza uko kundi gani.

Sasa tazama paka mwenyewe anaambukizwaje. Lazima ale panya, ndege au nyama mbichi yenye kimelea, au ameze mayai kutoka kwenye udongo uliochafuliwa. Siku chache baadaye anaanza kutoa mayai kwenye kinyesi, kwa mamilioni, lakini hali hiyo hudumu wiki moja hadi tatu tu, na paka wengi hupitia kipindi hicho mara moja maishani, mara nyingi wakiwa wadogo wanapoanza kuwinda. Paka wako ana mwaka mmoja na nusu na amelelewa uani Tandika, ambako panya si wageni. Inawezekana kabisa kwamba kipindi chake kimekwishapita. Isitoshe, mayai yanapotoka hayaambukizi papo hapo. Yanahitaji muda wa siku moja hadi tano ya kukomaa nje ya mwili wa paka, na hapo ndipo siri ya kujikinga ilipo: choo cha paka kinachosafishwa kila siku hakiyapi mayai muda wa kuwa na madhara. Kumpakata paka, kumkuna kichwani au kulala naye chumba kimoja si njia ya kuambukizwa, kwa kuwa paka hujilamba saa zote na kinyesi hakikai kwenye manyoya yake kiasi cha mayai kukomaa.

Njia zenyewe ni nyingine. Utafiti uliofanywa katika miji sita ya Ulaya na kuchapishwa mwaka 2000 uliwauliza wajawazito walioambukizwa karibuni na wale wasioambukizwa kuhusu maisha yao, na ukakuta kwamba nyama isiyoiva ndiyo iliyobeba sehemu kubwa zaidi ya maambukizi, udongo ukafuatia kwa mbali, na kuishi na paka hakukuonekana kuongeza hatari. Mazingira yetu si ya Ulaya, nami ningeupa udongo uzito mkubwa zaidi hapa kwetu, lakini funzo la nyama linatuhusu moja kwa moja. Mishkaki iliyobabuka nje huku ndani ikiwa bado nyekundu, na kachumbari iliyokatwa bila nyanya na vitunguu kuoshwa vizuri, ni vitu ambavyo ningekuomba uviache hadi ujifungue. Nyama ipikwe hadi wekundu uishe kabisa ndani, na ubao na kisu vilivyogusa nyama mbichi vioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa mboga. Maji ya kunywa yachemshwe.

Kisha kuna fungu la mchanga. Katika nyua nyingi za Dar es Salaam mtu ana ujenzi usiokwisha, na lori la mchanga lililomwagwa kando ya ukuta hukaa hapo mwaka mzima. Kila paka wa mtaa anaona hicho ndicho choo chake, kwa sababu ni laini, kikavu juu, na kinafukulika. Mayai ya toksoplasma huweza kudumu kwenye udongo wenye unyevu kwa zaidi ya mwaka. Watoto hucheza hapohapo, na mama anayefagia ua jioni huvuta vumbi lake. Nakwambia haya ili uone kwamba kumpeleka paka wako Feri hakuupunguzii ua wa Tandika hata punje moja ya hatari hii, maana waliouchafua ni paka wa mtaa mzima na wa miezi iliyopita. Hadi mtakapohama, funikeni fungu hilo kwa turubai, vaa glavu unapoihudumia bustani, na nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Huko ghorofani paka atahitaji beseni lake la choo. Mumeo ndiye alisafishe, kila siku, wala hilo asilione kuwa ni kukudekeza. Na ikitokea siku hayupo, vaa glavu, kisha unawe. Beseni lenyewe lioshwe kwa maji yanayochemka, kwa sababu dawa za klorini tunazofulia nguo nyeupe haziyaui mayai hayo, ilhali joto kali huyaua. Mchanga uliotumika ufungwe kwenye mfuko na kutupwa na taka ngumu, usimwagwe kwenye vyungu vya maua. Tahadhari hizihizi ziwafae pia watu wanaoishi na VVU ambao kinga yao imeshuka, kwani kwao kimelea kilicholala kwa miaka kinaweza kuamka na kushambulia ubongo. Naye mtu huyo ashauriane na kliniki yake kuhusu dawa za kujikinga kabla ya kushauriana na mtu yeyote kuhusu paka.

Kuhusu Feri, naelewa mantiki ya mama mkwe: pale pana vichwa na matumbo ya samaki bure, na paka wanaoonekana pale wanaonekana kunenepa. Ila wanaoonekana ni wale waliosalia. Kila kona ya soko la namna hiyo tayari ina wenyewe, na paka mgeni aliyeshushwa kutoka kwenye kiroba hupokewa kwa makucha. Majeraha ya kung'atana ndiyo njia kuu ya paka kuambukizana virusi vinavyodhoofisha kinga yao, ambavyo havimpati binadamu lakini paka huishi navyo mpaka afe. Jike asiyetolewa kizazi atapandwa ndani ya siku chache za joto lake la kwanza huko, yaani kipindi anapotaka dume, na watoto wake watazaliwa kati ya makreti na magurudumu ya mikokoteni. Utafiti wa paka wasiofugwa uliofanyika North Carolina, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2004, ulikuta kwamba karibu robo tatu ya watoto wao walikufa au kutoweka kabla ya kufikisha miezi sita. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, iliyotungwa ili wanyama wasiteswe, na sioni namna ya kumtupa paka wa nyumbani sokoni huku ukidai kwamba umeizingatia.

Tuje kwenye vidonge vya mumeo, ambavyo naona vinaulizwa zaidi kila mwaka. Vidonge na sindano za uzazi wa mpango za binadamu zina homoni za jamii ya projesteroni. Ni kweli zinaweza kuzuia joto la paka, lakini zinaongeza uwezekano wa mji wa mimba kujaa usaha, na uwezekano wa uvimbe wa matiti; na uvimbe wa matiti kwa paka, tofauti na kwa mbwa, mara nyingi sana huwa ni saratani. Aliyeokoa gharama ya upasuaji kwa kununua vidonge dukani anaweza kujikuta analipia upasuaji ulio mgumu mara kadhaa, kwa mnyama aliyekwisha dhoofika. Kama kuna mtu amekwisha kumpa paka wako vidonge hivyo, mweleze daktari kabla ya upasuaji, na umwambie ni vingapi na lini.

Kutoa kizazi ni upasuaji wa kawaida ambao daktari wa wanyama huufanya paka akiwa amelazwa usingizi kamili: huondoa vifuko vya mayai na mji wa mimba kupitia tundu dogo tumboni au ubavuni. Kwa paka mdogo wakati mzuri ni karibu na miezi minne au mitano, kabla ya joto la kwanza, maana jike anaweza kushika mimba akiwa na umri huohuo, na akifanyiwa mapema uwezekano wa saratani ya matiti hushuka sana. Wako amechelewa kidogo, lakini hajapitwa na faida. Katika nchi za baridi paka jike hupumzika majira ya baridi kwa kuwa joto lake huongozwa na urefu wa mchana. Kwetu karibu na ikweta mchana haubadiliki sana, kwa hiyo anaweza kupata joto mwaka mzima, na asipopandwa humrudia kila baada ya wiki mbili au tatu, akilia usiku kucha na kujiviringisha sakafuni. Majirani wa ghorofani hawatavumilia hilo. Mimba yake huchukua siku 63 hadi 65 hivi, na anaweza kushika nyingine akiwa bado ananyonyesha, kwa hiyo daktari ampapase tumbo kwanza ajue kama tayari hana nyingine. (Utakutana mtandaoni na hesabu isemayo kwamba jike mmoja na uzao wake hufikisha paka 420,000 katika miaka saba. Ni hesabu ya karatasini tu, inayochukulia kwamba hakuna anayekufa. Ukweli wa wale wanaokufa ni mzito kuliko hesabu hiyo.)

Panga upasuaji ufanyike angalau wiki mbili kabla ya kuhama, ili kidonda kipone mahali anapopafahamu. Tafuta daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania, na ukiambiwa kwamba kazi itafanyikia kibarazani kwako bila dawa ya usingizi, mshukuru na umsindikize hadi getini. Paka asile kuanzia usiku wa kuamkia upasuaji, isipokuwa daktari akiagiza vinginevyo. Akirudi, mweke kwenye chumba kimoja chenye joto la wastani, chini, si juu ya kitanda, na kila asubuhi uangalie mshono: wekundu kidogo ni wa kawaida, lakini uvimbe unaoongezeka, majimaji au harufu ni sababu ya kumrudisha. Nyuzi zisizoyeyuka hutolewa baada ya siku kumi hadi kumi na nne.

Sasa ghorofani. Watu husema mtu mgumu wa kufa ana roho ya paka, na imani hiyo ndiyo inayowaua paka wa maghorofani. Mwaka 1987 madaktari wa hospitali moja ya wanyama mjini New York walichapisha taarifa za paka 132 waliodondoka kutoka madirishani na kuletwa kwao, na asilimia 90 ya waliotibiwa walipona. Takwimu hiyo hunukuliwa kana kwamba paka hupaa. Wanaoinukuu husahau kwamba paka aliyefia palepale kwenye lami hapelekwi hospitali, kwa hiyo hakuhesabiwa. Na waliopona wengi walipona wakiwa na mapafu yaliyojeruhiwa, meno na kaakaa zilizopasuka, na miguu iliyovunjika. Paka haruki makusudi kutoka ghorofa ya tatu. Huwa amelala ukingoni akastuka, au ameona njiwa.

Siku mtakayokwenda kuchukua funguo, kagueni kila dirisha kwa mkono. Madirisha ya aluminiamu ya kuteleza huwa na fremu ya wavu wa mbu inayoteleza vilevile, na paka huisukuma kwa mguu mmoja mpaka pakapatikana mwanya; fundi atie skrubu kwenye reli, fremu isisogee zaidi ya inavyotakiwa. Wavu wa nailoni huchanika kwa makucha, hivyo ubadilishwe kwa wavu wa waya unaouzwa kwa mita katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Kwenye roshani, pima nafasi kati ya nondo: pale kichwa cha paka kinapopita, na mwili utapita. Ikiwa mwenye nyumba hakuruhusu kufunga wavu kwenye roshani, basi mlango wa roshani uwe haufunguliwi paka akiwa sebuleni, na kila anayeishi humo alijue hilo, pamoja na dada wa kazi anayeanika nguo asubuhi.

Wasomaji wengi wa Kiislamu, ninapowashauri paka akae ndani, hunikumbusha hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka. Lakini kosa la yule mwanamke lilikuwa kumfungia bila kumlisha na bila kumwacha ajitafutie. Paka aliyeshiba, mwenye maji safi, mahali pa kukwaruza na mtu wa kucheza naye, hayumo katika habari hiyo. Anachohitaji ndani ni kidogo: kipande cha gogo kilichozungushiwa kamba ya katani ili asinoe makucha kwenye makochi, kabati au rafu anayoweza kupanda na kutazama nje, na dakika chache jioni za kumkimbiza na uzi wenye manyoya mwishoni. Beseni la choo liwe mbali na chakula, mahali patulivu. Paka anayeanza kujisaidia pembeni ya beseni mara nyingi analalamikia uchafu wake au kelele za mashine ya kufulia iliyo karibu. Lakini dume anayechuchumaa mara kwa mara bila mkojo kutoka ana dharura ya saa chache, si tabia mbaya.

Jambo ambalo limewaua paka wengi niliowaona mezani ni dawa zilizotolewa kwa nia njema. Ini la paka halina uwezo wa kuvunja parasetamoli kama la binadamu, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka mkubwa. Mtu anamwona paka anachechemea, anamsagia nusu ya kidonge kwenye maziwa. Baada ya saa chache, ukiinua mdomo wa juu, ufizi ambao kwa paka mzima ni wa waridi umekuwa wa kahawia au wa kijivu cha buluu, kwa sababu damu imepoteza uwezo wa kubeba oksijeni. Uso na nyayo vinavimba, na paka anahema kwa nguvu. Akiwahishwa, dawa ya kupambana na sumu hiyo ipo, lakini muda ni mfupi. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini nazo zikae mbali naye, na ninakuomba mkoba wako wa dawa za kliniki uwe na zipu.

La pili ni dawa ya viroboto. Dawa za mbwa zenye permethrini, hasa zile za kudondosha mgongoni, humletea paka mtetemo na degedege. Dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi, ambayo watu huichanganya kwa makadirio ya macho kwenye ndoo na kumwogeshea mbwa, si ya paka hata ikizimuliwa vipi, kwa kuwa atakachopakwa kwenye ngozi atakilamba chote kabla ya jioni. Nunua dawa iliyoandikwa wazi kwamba ni ya paka na inayolingana na uzito wake. Viroboto usiwapuuze, kwani ndio wanaosambaza kati ya paka bakteria wa homa inayompata mtu aliyekwaruzwa, na ndio wanaobeba aina ya kawaida ya tegu.

Sumu ya panya ni sababu nyingine ya kumweka ndani. Zile zinazozuia damu kuganda huua polepole: paka aliyekula panya mlegevu huonekana mzima kwa siku kadhaa, kisha anakuwa mnyonge, ufizi unapauka, na damu inatoka puani au kwenye kinyesi. Vitamini K ndiyo tiba yake, na huhitajika kwa wiki kadhaa. Zile za unga zinazouzwa mkononi mitaani bila lebo mara nyingi ni dawa kali za wadudu; dalili zake huanza ndani ya dakika, kwa mate mengi, kutetemeka na mboni za macho kusinyaa. Usimnyweshe maziwa wala mafuta, wala usimtapishe kwa chumvi. Mfunge kwenye taulo, chukua pakiti ya sumu kama ipo, nenda.

Kwenye chakula sina mengi. Paka ni mla nyama kwa umbile. Asipopata taurini, ambayo imo kwenye nyama na samaki na haimo kwenye ugali, macho na moyo wake huharibika. Dagaa ni chakula kizuri wakilowekwa kuondoa chumvi na mchanga, wakachemshwa, na mchuzi wao ukamwagiwa humohumo kwa kuwa taurini huyeyukia kwenye maji. Wapokezane na maini kidogo, kuku au nyama, na chakula cha dukani cha paka ukikimudu. Vyote vipikwe, na kwa hali yako hili halina mjadala. Mchuzi wa binadamu asipewe, kwa sababu kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu yake. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wazima.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia miezi mitatu na kurudiwa kama daktari atakavyoelekeza, kwa kawaida kila mwaka, na iandikwe kwenye kadi. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huadhimishwa tarehe 28 Septemba, na mara nyingi halmashauri huitumia kuchanja mbwa na paka, kwa hiyo ulizia ofisi ya mifugo ya wilaya. Mwombe daktari pia chanjo ya virusi vya kuhara na mafua ya paka. Paka yeyote usiyemjua akikung'ata au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Mimba haikuzuii kupata chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa wenyewe ukishaanza dalili hautibiki. Meno ya paka ni membamba na hupeleka bakteria chini kabisa ya ngozi, kwa hiyo hata alama ndogo kama ya sindano inayoanza kuvimba mkononi itazamwe na daktari.

Siku ya kuhama, paka awe wa kwanza kufungiwa na wa mwisho kubebwa. Mweke kwenye kikapu chenye mfuniko au kreti, si kwenye kiroba wala mapajani mwako ndani ya gari, na ndani yake weka kanga uliyokwisha kuivaa. Kule Upanga aanze na chumba kimoja, chenye beseni, maji na kanga ileile, kwa siku kadhaa mpaka aanze kula na kujilamba kama kawaida, ndipo umfungulie vyumba vingine. Atalia mlangoni wiki za mwanzo. Asifunguliwe, kwa sababu paka aliyehamishwa hujaribu kurudi alikotoka, na kati ya Upanga na Tandika kuna barabara ambazo hata wewe huvuki bila kushikwa mkono.

Mtoto akizaliwa, kitanda chake kifunikwe chandarua kilichobanwa vizuri, na mlango wa chumba ufungwe mnapolala, kwa kuwa paka hutafuta joto na anaweza kwenda kujilaza karibu na uso wa mtoto. Mzoeshe mlango huo kufungwa tangu sasa. Na ikiwa baada ya yote haya familia itaamua kwamba hamuwezi kubaki naye, mpeni mtu mnayemjua na ambaye mmefika kwake, akiwa ametolewa kizazi na ana kadi ya chanjo, pamoja na kanga na beseni lake. Asipewe mwenye duka anayetafuta paka wa panya, kwa maana duka la namna hiyo huwa limeshawekwa sumu kwenye kona.